Mama alikuwa "nyumbani tu": wasifu wake tuuandike vipi?

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mama yetu amefariki baada ya kuugua miezi minne, na Misa ya mazishi ni Jumamosi. Mimi ndiye binti mkubwa, kwa hiyo nimepewa kazi ya kuandika wasifu. Siku mbili nimekaa na karatasi, nimepata mistari mitano. Mama hakuwahi kuajiriwa, hakuwa na cheo chochote parokiani, alikuwa nyumbani tu akimtunza baba na sisi watoto. Tulizaliwa sita, tuko watano. Kaka yangu anataka tuandike mafanikio yetu kwa kuwa ndiyo matunda ya mama. Mdogo wangu anataka tuseme alikuwa mtakatifu na sasa ni malaika mbinguni. Paroko amekataa wasifu kusomwa badala ya mahubiri, ametupa dakika nne baada ya Komunyo, na baadhi ya ndugu wamechukia. Kuna na jambo la aibu: mama na mdogo wake wa kike hawakusemezana miaka saba, wakaja kupatana mwaka jana. Nilifiche? Baba naye haongei. Tukimuuliza anasema "alikuwa mke mzuri", basi. Nilichonacho ni kwamba alisali Rozari kila jioni huku akikunja nguo, alikuwa na daftari la majina ya watu aliowaombea, alikuwa mkarimu na mcha Mungu. Nianzie wapi?

JIBU

Milele na milele. Amina. Pole sana, dada. Pole wewe, wadogo zako na kaka yako, na mzee zaidi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama kwenye neno moja dogo: "alikuwa nyumbani tu." Kabla hujaandika kingine chochote, hilo "tu" lifute. Ndilo lililokufunga mkono siku mbili hizi.

Najua limetoka wapi. Wasifu tuliouzoea ni wa mtu aliyeajiriwa: alisoma shule fulani, akaanza kazi, akapanda cheo, akastaafu. Ukimpitisha mama yako kwenye njia hiyo, karatasi itabaki nyeupe, maana yeye hakupita huko. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II alitoa waraka juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens. Alipokuwa akiwataja watu wanaoujua uzito wa kazi kwa miili yao, wakulima, wachimba migodi, wajenzi, wauguzi, aliwaweka humo humo wanawake wanaobeba kila siku mzigo wa nyumba na malezi ya watoto, wakati mwingine bila kutambuliwa ipasavyo na jamii, wala hata na familia zao wenyewe. Miezi miwili baadaye, katika Familiaris Consortio, hati yake juu ya familia, akaongeza kwamba fikra ya kumheshimu mwanamke kwa kazi ya nje kuliko kwa kazi aifanyayo ndani ya familia yake haina budi kuondolewa.

Yale maneno "wala hata na familia zao wenyewe" huniuma kila niyasomapo, kwa sababu nilishawahi kuwa familia hiyo. Mama yangu alipofariki, wasifu niliuandika mimi. Ulikuwa na mistari kumi na moja juu yetu watoto, shule zetu na kazi zetu, na mstari mmoja juu yake: kwamba alikuwa mama mwema na mwenye imani. Baada ya mazishi bibi mmoja nisiyemfahamu alinishika mkono akaniuliza mbona hatukusema habari za vitambaa vya altare. Kumbe kwa miaka mingi mama alikuwa akivichukua vitambaa vya Misa, korporali na vingine, anavifua nyumbani, anavipiga pasi na kuvirudisha kabla ya Jumapili. Tena maji ya kwanza ya kuvisuuza hakuyamwaga ovyo. Aliyamwaga penye udongo safi, kwa heshima ya Ekaristi, kama inavyotakiwa. Mimi, mwalimu wa liturujia, nilikuwa nimeviona vitambaa hivyo kwenye kamba tangu utotoni na sikuwahi kuuliza ni vya nani.

Ndiyo maana nakuambia usianze na kalamu. Anza na watu.

Ila kwanza nikuonyeshe unachokwenda kuwauliza. Umesikia watu wanavyoongea msibani? Mtu anasema, "Mama huamka mapema," kisha anashtuka na kujisahihisha: "alikuwa akiamka." Hako ka-"hu" kanakotuponyoka ndiko kalikobeba maisha yote ya mama wa nyumbani. Hakuna tarehe alipoamka mapema, hakuna cheti cha kuonyesha alikesha na mtoto mwenye homa. Ni mambo aliyoyafanya jana, leo na kesho yake, mpaka tukaacha kuyaona. Fungua Mithali 31, kuanzia mstari wa 10. Utenzi ule wa mke mwema una beti 22, na kwa Kiebrania kila ubeti unaanza na herufi inayofuata ya alfabeti, kana kwamba mshairi alitaka kumsifu mama huyo kwa herufi zote alizokuwa nazo. Sasa hesabu vitenzi. "Tena huamka, kabla haujaisha usiku." Hutafuta sufu, hununua shamba, huwakunjulia maskini mikono. Neno la uchaji linakuja mwishoni kabisa, mstari wa 30, baada ya mikono yake kuonekana ikifanya kazi ubeti baada ya ubeti. Sisi huanza na "mcha Mungu" halafu tukaishia hapo hapo.

"Mcha Mungu, mkarimu, mpole, mwenye upendo." Maneno haya si ya uongo, lakini yameshasomwa juu ya kila jeneza lililowahi kuingia kanisani. Msikilizaji aliyekuwa hamjui mama yako hatamjua kwa hayo, na aliyemjua hatamwona humo. Kwa kila sifa uliyoiandika jiulize: alifanya nini nikasema hivyo? Ukikosa jibu, ifute. Ukilipata, andika jibu na uiache sifa, watu wataitamka wenyewe mioyoni.

Haya, watu wa kuwauliza. Gawaneni wewe na wadogo zako, leo na kesho. Usimuulize mtu "mama alikuwa mtu wa namna gani?" maana atakupa zile sifa nne. Uliza mambo madogo yenye mlango wa kuingilia. Ni lini mara ya mwisho alikuja kwako, na alikuja na nini mkononi? Alikuwa akisema nini ukimletea habari mbaya? Kuna kitu alikufundisha kwa mikono, si kwa maneno? Alikuwa anakaa wapi kanisani, na kwa nini hapo? Waulize wakwe na wajukuu, hao wana macho ambayo watoto wa kuzaa hawana. Muulize jirani. Muulize anayefagia kanisa na anayefungua milango asubuhi, watu hao wanajua nani huja wakati kanisa likiwa tupu. Andika majibu kwa maneno yao bila kuyapamba. Angalia pia ujumbe alioutuma kwenye simu, hasa ule wa sauti. Zélie Martin, mama yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1877, tunamfahamu vizuri kwa sababu barua zake zaidi ya 200 zilitunzwa: mtoto anaumwa, mtoto kasema neno la kuchekesha, nimechoka leo. Mwaka 2015 yeye na mumewe Louis walitangazwa watakatifu pamoja, wanandoa wa kwanza kutangazwa hivyo kwa siku moja. Barua zile hazikuandikwa kwa ajili ya utakatifu. Zilikuwa habari za nyumbani, kama ujumbe ulio kwenye simu yako.

Nimefurahi uliponiambia Rozari na nguo, ingawa umeitaja kana kwamba ni upungufu, kama vile angepaswa kupiga magoti. Hiyo ni picha kamili, dada. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliiita familia kanisa la nyumbani, na ukasema wazazi wawe wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao, kwa neno na kwa mfano. Wewe unapokumbuka "Salamu Maria" unakumbuka pia sauti ya shuka linapokung'utwa, si ndiyo? Basi hiyo ndiyo katekesi uliyoipata. Andika ni nguo za nani alizokuwa akizikunja walipofika fumbo la tatu. Andika kama alisinzia. Kama aliwaacha ninyi mmalizie kumi la mwisho, andika.

Kuhusu baba. Katika wasifu nyingi za akina mama Wakatoliki, mke humezwa na mama. Tunasoma "aliolewa mwaka fulani na kujaliwa watoto sita", na miaka yote ya ndoa imekwisha kwa nukta moja. Wakati katika Kanisa letu la Kilatini wahudumu wa sakramenti ya Ndoa ni wanandoa wenyewe: baba yako alimpa mama yako sakramenti hiyo, na akaipokea kutoka kwake. Kuna mambo juu ya maisha haya ambayo ni yeye peke yake aliyeyashuhudia. Mwenye heri Anna Maria Taigi, aliyefariki Roma mwaka 1837, alikuwa mke wa mtumishi na mama wa watoto saba, mwanamke wa jikoni na wa foleni za watu waliokuja kuomba ushauri mlangoni. Kesi ya kumtangaza mwenye heri ilipofunguliwa, mmoja wa mashahidi alikuwa mumewe Domenico, mzee sana wakati huo, akieleza jinsi mkewe alivyoitunza amani ya nyumba yao. Kanisa lilimsikiliza mzee yule kwa makini, na mwaka 1920 Anna Maria akatangazwa mwenye heri.

Basi kaa na baba, peke yako, bila karatasi. Swali la "alikuwa mke wa namna gani" ni kubwa mno kwa mtu aliyefiwa juzi. Muulize: usiku mtoto akilia, nani alikuwa anaamka? Mama akikukasirikia, ulikuwa unajuaje? Ni kitu gani alikuwa akikusubiri nacho ukirudi umechelewa? Na kaa naye kimya akikaa kimya. Akisema sentensi moja, iingize katika wasifu kama alivyoisema, ukianza na "Baba anasema". Akishindwa kabisa, usimlazimishe kwa sababu ya Jumamosi, nitakuambia hapo chini la kufanya.

Tarehe zisikusumbue sana, zinapatikana. Nenda ofisi ya parokia alikobatizwa, au mpigie katibu. Kwa sheria ya Kanisa, kitabu cha ubatizo huandikwa pembeni kipaimara na ndoa ya mhusika, kwa hiyo mstari mmoja mle unaweza kukupa uti wa mgongo wa wasifu wote: alizaliwa upya lini kwa maji, aliimarishwa lini, aliolewa lini. Ongeza siku alipopokea Mpako wa wagonjwa na Komunyo ya mwisho, kama alizipokea. Utaona mshumaa wa Pasaka ukiwaka karibu na jeneza, na jeneza likinyunyiziwa maji ya baraka. Yote hayo ni ukumbusho wa ubatizo wake, na wasifu ukiitaja siku ile, watu wataelewa wanachokiona. Andika pia jina lake kamili la ubatizo, mwanzoni kabisa. Akina mama wengi huzikwa wakiitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na wajukuu husikia jina la bibi yao kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa padre.

Na yule wa sita. Umeandika "tulizaliwa sita, tuko watano" ukaendelea na mengine. Mama yako hakuendelea na mengine kirahisi hivyo. Taja jina la mtoto huyo kwa mpangilio wake wa kuzaliwa, katikati ya majina yenu, si kwenye mabano mwishoni. Kama alibatizwa, yumo katika vitabu vya parokia. Kama alifariki kabla ya kupewa jina, muulize baba kama kuna jina walilokuwa wakimwita wao wawili. Sehemu hii isomwe kwa sentensi moja tu, lakini isikosekane. Zélie Martin niliyemtaja alizaa watoto tisa akazika wanne, na katika barua zake hao wanne hawakuacha kuwa watoto wake.

Sasa kaka yako. Ana haki ya kusema ninyi ni matunda yake, lakini vyeo vyenu vitasomwa siku nyingine. Mtajwe kwa majina, na wake na waume zenu, na wajukuu. Kama anataka kazi yake ionekane, basi aandike sentensi moja ya namna hii: jambo gani mama alilifanya ili yeye afike hapo. Hapo mtendaji ni mama. Mpe kazi hiyo aandike mwenyewe, naamini ataileta.

Kwa mdogo wako nitakwenda taratibu zaidi, kwa sababu anachokitaka kinatoka kwenye mapenzi. Mwambie kwamba binadamu akifa hageuki malaika. Imani yetu inampa kilicho bora kuliko hicho, kwamba atafufuliwa na mwili wake, mikono ile ile. Na juu ya neno "mtakatifu": Papa Fransisko mwaka 2018, katika Gaudete et Exsultate, hati yake juu ya utakatifu, alisema anapenda kuuona utakatifu kwa wazazi wanaolea watoto wao kwa upendo mkubwa, utakatifu wa watu wanaoishi mlango wa pili na sisi. Kwa hiyo mdogo wako hajakosea kuuona kwa mama. Lakini kutangaza ni jambo jingine. Kanisa lenyewe kwa kawaida husubiri miaka 5 baada ya kifo ndipo kesi ya mtu ianze kufunguliwa, na hata hapo huita mashahidi na kuchunguza kwa muda mrefu. Hofu yangu kubwa ni ya kichungaji: tukimpandisha mama mbinguni Jumamosi, nani atamwombea Jumapili? Watu wataondoka wamefarijika na hawatamtolea Misa hata moja. Kitabu cha pili cha Wamakabayo kinatufundisha kuwa ni jambo jema na takatifu kuwaombea wafu ili waondolewe dhambi. Nyumbani kwenu, faraghani, mwombeni mama awaombee kama mioyo yenu inavyowatuma. Mbele ya watu, ombeni watu wamwombee yeye.

Ninaye shahidi mkubwa wa hili, na ndiye pia atakayenisaidia kukujibu juu ya mama yako mdogo. Mtakatifu Monika alifariki Ostia, karibu na Roma, mwaka 387, akiwa katika mwaka wake wa 56. Mwanawe Augustino aliandika maisha yake katika kitabu cha tisa cha Maungamo, na kwangu mimi hakuna wasifu wa mke na mama Mkatoliki ulioupita huo. Monika hakuwa na cheo. Augustino anaeleza alivyoishi na mume mwenye hasira za haraka na asiye mwaminifu, Patrisi, mpaka mume huyo akabatizwa mwishoni mwa maisha yake. Anaeleza alivyowapatanisha wanawake waliogombana kwa kutobeba maneno ya huyu kumpelekea yule. Halafu anasema jambo ambalo wengi wetu tungelificha: kwamba Monika alipokuwa msichana alikuwa akionja divai kidogo kidogo kila alipotumwa kuichota, mpaka mazoea yakamkamata, na aliacha siku mjakazi alipomtukana kwa hasira kuwa ni mlevi. Mwana anaandika hivyo juu ya mama yake aliyempenda kupita kiasi! Anaandika kwa sababu anataka tumwone Mungu akimponya kupitia tusi la mjakazi. Na alipokaribia kufa, Monika aliwaambia wanawe mwili wake wauzike popote, hilo lisiwahangaishe. Aliomba jambo moja, kwamba wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Katika Maungamo yote jina lake limeandikwa mara moja tu, mwishoni mwa kitabu hicho cha tisa, pale Augustino anapowaomba wasomaji wamwombee yeye na Patrisi.

Kwa hiyo, ile miaka saba. Kwanza usiandike kamwe kwamba mama "hakuwahi kugombana na mtu". Kanisa zima linajua, na mama mdogo atakuwa amekaa benchi la mbele akisikia uongo juu ya jeneza la dada yake. Pili, habari hii ni ya watu wawili na mmoja yuko hai. Nenda kwake kabla ya Jumamosi. Mwambie: "Mama mdogo, naandika wasifu wa mama. Ile siku mliyopatana, ungependa nisemeje, au niache?" Akisema acha, acha bila kumdadisi. Akikubali, iwe sentensi moja, isitaje chanzo cha ugomvi wala nani alianza. Itaje nani alivuka kizingiti cha nani. Mimi naona umeliita jambo la aibu, na bado ndani yake kuna mwanamke mgonjwa au anayekaribia kuugua aliyepatana na ndugu yake kabla ya kufa. Ni wangapi wanaoondoka na hilo mkononi? Lakini ruhusa ni ya mama mdogo, si yako wala yangu.

Paroko wenu hajawaonea, na naomba uwaeleze ndugu hivyo. Mwongozo mkuu wa Misale ya Kirumi, namba 382, unasema katika Misa ya mazishi iwepo homilia fupi, na isiwe hotuba ya kumsifu marehemu ya aina yoyote. Sababu ni kwamba saa ile Kanisa linatangaza kifo na ufufuko wa Kristo na kumtoa mama yako pamoja naye mikononi mwa Baba. Sifa zikichukua nafasi hiyo, mama ananyang'anywa sala aliyoiomba maisha yake yote katika kila "saa ya kufa kwetu". Kumbukumbu fupi ya familia hupewa nafasi baada ya sala iliyofuata Komunyo, kabla ya buriani ya mwisho, na ndiyo dakika nne mlizopewa. Tena utaratibu wa mazishi ya Kikristo hauishii kwenye Misa: kuna sala za mkesha kabla, na kuna kaburi baada. Mkesha ndio mahali pa kuongea kwa marefu. Hapo wasome na wasimulie wote, kaka, majirani, wajukuu, bila kuhesabu dakika. Ndugu waliochukia wapewe nafasi hapo.

Dakika nne ni kama maneno mia nne yakisomwa polepole, na utasoma polepole, utake usitake. Chagua mambo matatu tu katika yote mtakayoyakusanya. Mwanzo wako unaweza kuwa namna hii, nimetumia ulichoniambia mwenyewe, na utajaza mapengo:

"Mama yetu alibatizwa kwa jina la ... tarehe ... Kila jioni alikaa mwisho wa kitanda na nguo zetu zote zilizokauka, akaanza Rozari. Alikunja za baba kwanza. Tukifika fumbo la tatu, rundo lilikuwa limefika nusu, na sisi wadogo tulijua Rozari imebaki kiasi gani kwa kutazama nguo zilizobaki. Hatukumwona akiacha hata siku alizokuwa anaumwa. Miezi hii minne mikono ilipochoka, alituachia nguo, Rozari akabaki nayo."

Hapo hakuna neno "mcha Mungu" wala "mchapakazi". Yarekebishe yawe kweli ya nyumbani kwenu. Kama hakuanza na nguo za baba, usiandike hivyo kwa sababu mimi nimeandika. Chapisha kwa herufi kubwa, mpe nakala mtu wa pili atakayesimama nyuma yako kumalizia kama sauti itakatika, na mwonyeshe paroko siku moja kabla. Malizia kwa kuomba sala, na wote wajibu: "Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani."

Baba akiwa bado kimya mpaka Jumamosi, usione umeshindwa. Rudi kwake baada ya wiki kadhaa, nyumba ikishatulia na wageni wameondoka, na maswali yale yale. Wasifu wa kanisani ni wa dakika nne, lakini mnaweza kuandika mrefu zaidi wa kutunza nyumbani, na sauti ya baba iwe humo. Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wote, ni wakati mzuri wa kuusoma pamoja.

Nimeliacha daftari mwisho kwa makusudi. Ndani yake kuna majina ya watu na pengine shida zao, mambo waliyomnong'oneza mama kwa sababu alikuwa mtu wa kuaminika. Msilisome mbele za watu wala msipige picha kurasa zake. Semeni tu kwamba lilikuwepo, na kwamba wengi waliokaa kanisani wamo ndani yake bila kujua. Mkirudi kutoka makaburini, lifungueni ukurasa alioachia, andikeni jina lake chini ya lile la mwisho aliloliandika, na mkubaliane nani kati yenu atalichukua.